Joto la Nyumba Isiyo na Mtu

Wakonyo alibisha mlango wa jikoni mchana wa Jumamosi, manyunyu ya mwezi wa saba yakiwa yameigandisha leso kichwani mwake, na mimi nikafanya tendo la mtu mwoga. Nilisimama kimya nyuma ya mlango nikiomba aondoke.

"Baba Jeconia," akasema. "Miguu yako naiona hapo chini."

Niliisogeza miguu.

"Sasa nimeona umeisogeza."

"Rudi nyumbani, Wakonyo. Leo ndiyo siku ya kaka yako."

"Kaka yangu huja jua likielekea kuzama. Sasa hivi yuko kiwandani anapigia watu kelele juu ya kahawa. Fungua."

"Nisemeze ukiwa hapo."

"Mimi sisemi na mbao."

Kisha akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha chini kabisa, kinachotoka mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Nilikijua. Nililala nacho kitanda kimoja msimu mzima wa baridi, mpaka siku kiliponyamaza na mke wangu Selpha akanyamaza pamoja nacho.

Nikafungua.

Nyumba yenyewe haikuwa yangu, wala haikuwa ya mtu ninayeweza kusema aliishi pale. Ilikuwa kati ya Ruiru na Thika, chini ya mashamba ya kahawa, mahali mto unaposikika lakini hauonekani. Memsabu, mzungu mwenye nyumba, alikaa Mombasa. Alikuja Krismasi na Pasaka, kupumzika joto la pwani, akarudi. Miezi mingine yote nyumba ilikaliwa na piano.

Mimi nililala nyuma, kwenye kibanda ambacho paa lake lilivuja pande zote isipokuwa ile ambayo haikuwa na kitanda. Ndani ya nyumba kubwa mtu hakuruhusiwa kulala. Lakini baridi pia haikuruhusiwa. Piano ile ilitoka Ulaya kwa meli, na memsabu alisema ikishikwa na unyevu mbao zake zitajikunja na nyuzi zitaota kutu. Basi akaiwekea hita ya umeme, na ukutani akaweka kisanduku chenye kidude cha kuzungusha. Ukikipeleka kulia, joto linapanda. Kushoto, linashuka. Mahali alipotaka kikae alidondosha tone la rangi yake nyekundu ya kucha.

"Boaz," akaniambia, "hapa. Si juu, si chini."

Tangu siku hiyo kidude kilikuwa kikijisemea chenyewe ndani ya nyumba tupu. Tak, hita inawaka. Tak, hita inazimika. Kulikuwa na siku nilikisikia nikiwa nje nafagia majani, nikashtuka kama nimeitwa.

Na ubavuni mwa piano aliniwekea jicho. Lilikuwa kipimajoto, kioo chembamba kilichopinda kama pini ya nywele, ndani yake zebaki, na juu ya zebaki, kila upande, kipini kidogo cha chuma kama mguu wa mchwa. Kila Jumamosi nyapara Kagwe, aliyekuwa mkubwa wetu sisi vibarua wote, alikuja na sumaku aliyoivaa shingoni kwa kamba. Aliinama mbele ya kioo, akatazama, akapitisha sumaku juu yake kama mganga, kisha akanigeukia na maneno yake yale yale.

"Nikikuta joto limepanda kupita rangi, utafute kwenu."

Kwetu ni Maragoli, mbali, anakolelewa mwanangu Jeconia, na huko hakuna kazi. Kagwe alilijua hilo. Wanaotuamuru huwa wanajua mahali hasa pa kukugusa.

Na huyu aliyesimama jikoni akidondosha maji sakafuni alikuwa dada yake, tumbo moja.

"Unanitazama kama umeona mzimu," akasema Wakonyo.

"Umelowa."

"Kahawa haingoji jua. Wiki nzima tumechuma kwenye mvua." Akajaribu kucheka. Kicheko chake ndicho kilichoniponza mwanzo. Alikuwa akichuma mistari ya kahawa iliyopakana na ua wetu wa kayaba, akaniona nafagia, akauliza kwa sauti ya kusikika na wenzake wote: *Wewe baba, unamfagilia nani?* Nilikuwa sijaulizwa swali na mwanamke tangu nimzike Selpha. Kutoka hapo nikawa nafagia upande ule wa ua hata pasipo na jani, naye akawa anachelewa kwenye mstari ule hata pasipo na kahawa.

Lakini leo kicheko kilikatika katikati. Akashika meza.

"Nimekuja kukuambia neno," akasema. "Kesho wazee wa Macharia wanaleta muratina kwa Kagwe."

Macharia alikuwa mwenye duka Thika. Alikuwa na gari, na kitambi, na neno la kaka mtu.

"Kesho?"

"Wakishakunywa hiyo pombe, mimi ni wa duka. Nimekuja unitazame usoni uniambie utafanya nini."

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake, nikakiondoa upesi kama niliyegusa sufuria.

"Wakonyo, unaungua."

"Ni uchovu."

"Ni kichomi hiki. Mimi nakijua."

"Basi ukijua hivyo, usiniache nisimame."

Nilifikiria kibanda changu, blanketi langu lililolowa. Nilifikiria landhi za vibarua, zile safu za vyumba ng'ambo ya ua, ambako tulikuwa tukiishi wakati ule, Selpha akitetemeka huku upande huu wa ua piano ikistarehe. Nikamshika Wakonyo mkono, nikampitisha mahali ambapo mguu wa mtu wetu haukuwahi kupita bila ufagio.

Sebuleni alisimama akaitazama piano iliyofunikwa blanketi la sufu mpaka miguuni.

"Kumbe huyu ndiye mke mwenzangu," akasema. "Ana blanketi kunishinda."

Nikalivua blanketi piano, nikamfunika yeye. Nikamkalisha chini kwenye zulia mbele ya hita. Alitetemeka mpaka meno yake yakasikika. Joto la memsabu lilikuwa joto la mbao, halikuwa joto la mgonjwa.

Nikaenda ukutani. Tone la rangi lilinitazama, jekundu. Mkono wangu ulikataa, kisha ukakubali. Nikazungusha kidude kulia, nikakipitisha rangi, nikakiendesha mpaka mwisho.

Tak.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimekupikia."

Hita ikawa nyekundu. Madirisha yakaota jasho. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilinuka kama nyumba: nguo mbichi, nywele, pumzi ya mtu. Nilikaa karibu naye lakini si karibu sana. Mwanamke mgonjwa hana namna ya kukusukuma, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kunufaika na hilo. Yeye ndiye aliyetoa mkono kwenye blanketi akaushika wangu.

"Selpha alikuwa mweupe au mweusi?" akauliza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua nafuata nani."

"Alikuwa mweusi. Mfupi. Mkali kama wewe."

"Mlipendana?"

"Aliniita mjinga kila asubuhi. Nilipoacha kuitwa mjinga ndipo nikajua tulipendana."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na homa, yaking'aa kuliko kawaida, na ndani yake nilijiona mdogo, nimepinda kama nilivyo kwenye kijiko. Hakuyaondoa, wala mimi sikuyaondoa yangu. Nadhani tungekaa hivyo mpaka Krismasi memsabu atukute.

"Kesho utakuja," akasema.

"Nije niseme nini mbele ya wazee? Mimi sina mjomba hapa. Sina kabila hapa. Kaka yako ataniita Mkavirondo mbele ya watu, na wao watacheka."

"Wacha wacheke. Wewe useme jina langu tu. Simama mlangoni, sema, nimekuja kwa Wakonyo. Mengine nitasema mimi."

"Na kazi?"

Hapo ndipo alipoondoa macho.

"Unaogopa sana, Baba Jeconia."

"Mtu aliyezika huogopa."

Jasho lilianza kumtoka shingoni, kikohozi kikatulia, akalala akiwa bado ameushika mkono wangu. Nilimtazama pua, nikamtazama kovu dogo kidevuni ambalo sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. Nilijiambia, joto nitalirudisha kwenye rangi mapema, nyumba itapoa, Kagwe akija atakuta kila kitu mahali pake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kisanduku sikuwahi kukigusa kabla ya siku ile, kwa hiyo tabia ya lile jicho sikuijua.

Niliutoa mkono wangu polepole nikaenda kulitazama.

Kipini cha kulia kilikuwa juu, juu kabisa, mahali ambapo sikuwahi kukiona. Nikarudisha kidude kwenye rangi. Nikangoja. Zebaki ikaanza kuteremka chini ya kipini, taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye pipa lililotoboka. Kipini hakikuifuata. Zebaki ilishuka ikakiacha kimening'inia peke yake, kama mtu aliyepanda juu ya paa akaondolewa ngazi.

Nikagonga kioo kwa ukucha. Hakikusogea. Nikakipulizia. Nikajiambia, nyumba bado ina moto, ikipoa kabisa kitashuka. Nikazima hita. Nikafungua dirisha la sebuleni, na la chumba cha kulia, na la ujia wa ndani, nikafungua yote. Baridi ya Ruiru ikaingia na ukungu wake kama mwenye nyumba. Mapazia yakainuka. Nikarudi kwenye kioo mbio.

Kipini cha kulia kilikuwa pale pale. Na cha kushoto, ambacho siku zote kilikuwa kimelala, sasa kilikuwa kimeanza kupanda.

Sikuelewa. Nilikitazama kikisukumwa, na ndipo nikaelewa, na afadhali nisingeelewa. Upande mmoja ulikumbuka joto. Upande wa pili ulikumbuka baridi. Nilikuwa nimejaribu kulifuta kosa moja, nikaandika la pili kando yake.

Nyuma yangu Wakonyo akakohoa. Kikohozi kile kile cha chini.

"Baba Jeconia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini kuna baridi?"

"Ngoja. Ngoja kidogo tu."

"Umefungua madirisha?"

"Kaka yako anakuja. Hiki kioo kitasema."

Alijikokota akakaa. Blanketi lilimtoka begani. Alinitazama mimi, akatazama kioo, akatazama mapazia yanavyorushwa.

"Unaogopa kile kioo kuliko unavyoogopa kunizika?"

Mimi ni mtu ambaye nimewalaumu wakubwa maisha yangu yote, na sijaacha. Wao ndio waliotoa amri kwamba landhi zisiwe na jiko la makaa ndani. Wao ndio walioweka hita kwa mbao na kuwakataza watu moto. Lakini mkono uliofungua madirisha yale haukuwa wa memsabu. Nilisimama hapo nikatafuta wa kumlaumu, nikakosa.

Nikaanza kufunga. Nilikuwa nimefikia dirisha la pili niliposikia viatu kwenye kokoto za mbele. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na viatu vizito vile.

Nilimwinua Wakonyo kwapani nikampeleka stoo ya jikoni, nikamkalisha juu ya gunia la viazi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Uwepesi ule ulinitisha kuliko viatu.

"Usikohoe," nikamwambia.

"Nitajaribu," akasema, na akanigusa shavu. "Mjinga."

Kagwe aliingia bila kubisha, kama kawaida. Alikuwa mrefu, koti la mvua limemfika magotini. Alisimama sebuleni akatazama mapazia.

"Madirisha?"

"Napitisha hewa, nyapara."

"Na mvua hii?"

"Kulikuwa na harufu."

"Harufu ya nini?"

Alitazama piano iliyokuwa uchi. Akatazama zulia, pale penye umbo la maji la mtu aliyekaa. Kisha akaenda kwenye kioo akainama. Alikaa ameinama muda mrefu, mkono ukiwa kwenye sumaku.

"Boaz."

"Nyapara."

"Hiki cha kulia kimefika wapi?"

"Naona."

"Na hiki cha kushoto?"

"Nacho naona."

"Siku moja?" Hakupaza sauti. Angepaza, nisingeogopa hivyo. "Umechoma nyumba ya watu, halafu ukaigandisha, siku moja? Wewe una wazimu, ama una mtu humu?"

"Hakuna mtu, nyapara."

Wakonyo akakohoa.

Nilimwona Kagwe akikitambua kikohozi kile. Mtu anakitambua kikohozi cha nyumbani kwao kama anavyotambua ng'ombe wao. Akapita ubavuni mwangu mpaka jikoni, akafungua stoo.

"Wakonyo?"

"Ni mimi, muru wa maitu," akasema, yaani mtoto wa mama yangu, neno ambalo najua alikuwa hajamwita kwa muda mrefu.

"Simama. Tunaenda."

"Siendi."

"Kesho nina wazee wa watu, na wewe umejificha kwenye viazi vya mzungu na huyu Mkavirondo? Huyu ambaye mke wake alimfia mikononi? Simama."

Alisimama. Nasema kweli, alijaribu. Alishika ukuta, akapiga hatua, kifua kikamkamata, akainama mpaka paji likagusa goti. Alipoinuka midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kagwe alimdaka kabla yangu.

"Tangu lini?" akaniuliza, juu ya kichwa chake.

"Wiki nzima amechuma kwenye mvua. Wewe ndiye uliyempangia mstari."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Selpha alikohoa hivi hivi," nikasema. Mdomo ulikuwa umeshaondoka. "Hivi hivi, Kagwe. Nilikuja mlangoni kwako nikakuomba ruhusa ya jiko la makaa. Ulikuwa unakula. Ukaniambia amri ni amri. Sasa huyu hapa. Mpeleke landhi. Amri ni amri."

Nilijua nimejifukuza kazi. Nilingoja kofi. Mto ulisikika, na mvua kwenye bati la jikoni, na pumzi ya Wakonyo ikikwaruza kama msasa.

Kagwe hakunipiga. Alimbeba dada yake akamrudisha sebuleni, akamlaza kwenye zulia pale pale palipolowa, akamvika blanketi la piano mpaka shingoni. Kisha akaenda kwenye madirisha yaliyobaki, akafunga moja moja, na kila moja alilivuta kuhakikisha. Akasimama mbele ya kisanduku cha ukutani. Sikuwahi kumwona akikigusa. Nadhani naye aliogopa, kwa sababu alifuta kidole kwenye koti kwanza. Akakizungusha kulia, akapita rangi ya kucha, akaenda mpaka mwisho.

Tak.

"Vipini nitavishusha kesho kwa sumaku," akasema akiwa amenipa mgongo. "Lori la maziwa likipita asubuhi kwenda Thika, nitalisimamisha hapa mlangoni. Utampeleka hospitali."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nina wazee wa kuwarudisha."

Wakonyo alifumbua macho. Kagwe alifunga vifungo vya koti, akafika mlangoni, akageuka na ule uso wake wa kila Jumamosi.

"Nikija asubuhi nikute baridi humu ndani," akasema, "utafute kwenu."

Viatu vikaondoka kwenye kokoto. Nilikaa chini kando ya Wakonyo. Hita ilikuwa nyekundu tena. Alitoa mkono nje ya blanketi, nikaushika, ulikuwa bado moto, na sikujua kama ni moto wa hita ama wa homa. Asubuhi ilikuwa mbali.

"Hukumwambia asante," akanong'ona.

"Selpha naye alikuwa dada wa mtu."

Aliuvuta mkono wangu akauweka kifuani pake, mahali panapokwaruza, nami nikahesabu pumzi zake moja moja mpaka kidude kikajisemea ukutani, na safari hii sikushtuka.